Kabla ya Kuhesabu Kodi, Hesabu Usiku

 

Mwezi huu tunaongea juu ya nyumba. Si nyumba ya hapa Nakivale, ambayo wengi wetu tuliijenga kwa mikono yetu wenyewe, bali nyumba ya kupanga kule Kampala. Kila mwezi kuna familia inayofunga vitu vyake na kwenda mjini. Mmoja anafuata matibabu, mwingine shule ya watoto, mwingine biashara. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa ruhusa ya kutembea na kuishi mahali pengine. Lakini tusidanganyane: anayekwenda mjini anajitegemea, na mgao wa kambini haumfuati.

Tumeona pia wanaorudi. Ukiwauliza kwa nini wamerudi, wengi wanasema kazi ilikosekana. Ukikaa nao kidogo, ukanywa nao chai, unasikia jambo lingine: nyumba iliwashinda. Walipata mahali pa kulala, ndiyo, lakini pale mahali palianza kuivunja familia polepole. Ndiyo maana tulipokwenda Kampala tuliwatembelea ndugu zetu Nsambya, Katwe na Makindye, tukaangalia namna wanavyopanga maisha ndani ya vyumba vyao. Haya ndiyo tuliyojifunza.

MJINI NYUMBA NI CHUMBA

Hapa kambini mtu ana kiwanja. Hata kama ni kidogo, kina nafasi ya nyumba, jiko la nje, choo kule nyuma, na kamba ya kuanika nguo. Kijana akikua anajijengea kibanda chake pembeni, na kila mtu anajua kwamba sasa huyu ni mwanaume. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyolelewa huko tulikotoka. Kwetu nyumba ilikuwa ni ua mzima.

Kampala mambo ni mengine. Ukisikia watu wanasema "mizigo" usifikiri ni magunia. Kwa Kiganda muzigo ni chumba cha kupanga katika safu moja ndefu: vyumba vitano, nane, hata kumi, chini ya bati moja, kila kimoja na mlango wake na dirisha dogo mbele. Nje kuna baraza nyembamba. Choo ni cha wote, na bomba la maji pia ni la wote, kama lipo.

Baada ya muzigo wa chumba kimoja kuna "dabo", yaani vyumba viwili vinavyofuatana: cha mbele ni sebule, cha ndani ni cha kulala. Juu zaidi kuna "selfu", ambayo ina choo na bafu humo ndani, na mara nyingine jiko dogo. Wapo pia wanaokodi nyumba moja familia mbili, kila familia na chumba chake, wakashirikiana sebule na jiko.

Basi mtu anafika mjini, broka anampeleka kuona chumba mchana, jua linawaka, chumba ni kitupu na kimepakwa chokaa. Kinaonekana kikubwa! Broka anasema harakisha, kuna mwingine anakuja kukichukua jioni. Mtu anatoa pesa. Usiku wa kwanza ndipo anapojua amekodi nini.

CHUMBA KINA UKUBWA GANI KWELI?

Vyumba vingi vya mizigo ni kama futi 10 kwa 10, yaani karibu mita 3 kwa 3. Hiyo ni mita za mraba 9. Mashirika yanayosaidia wakimbizi duniani yana kipimo chao, kinachoitwa viwango vya Sphere: kila mtu anatakiwa apate angalau mita za mraba 3.5 za kuishi chini ya paa, na mahali pa kupikia hapahesabiwi humo. Kwa kipimo hicho chumba cha futi 10 kwa 10 hakitoshi hata watu watatu. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, ambalo makao yake yako Nairobi, nalo linasema watu wakizidi watatu katika chumba kimoja, hapo pamejaa kupita kiasi.

Tunajua mtaguna. Familia zetu ni watu saba, nane, na bado shangazi hajafika. Hatuandiki hivi ili mtu akate tamaa. Tunaandika ili ujue kitu gani kitapungua, na ujipange mapema.

Fanya hesabu nyingine rahisi. Kitanda cha futi 4 kwa 6 kinakula futi za mraba 24. Chumba chako kina futi za mraba 100. Kumbe kitanda kimoja tu kimemaliza robo ya nyumba! Ukiweka vitanda viwili, nusu imekwenda. Bado masanduku, meza, sufuria na bidoni za maji. Ndiyo maana wenye akili huko mjini wanatafuta kitanda cha ghorofa: kinakaa mahali pa kitanda kimoja na kinalaza watu wa vitanda viwili. Wengine wanainua kitanda kwa matofali ili masanduku yaingie chini.

FAMILIA YA NSAMBYA

Tulikaa muda mrefu na familia moja ya watu saba: baba ambaye ni fundi cherehani, mama anayetembeza vitenge, bibi mzaa baba, binti wa miaka 14, mvulana wa miaka 12, na wadogo wawili. Walitoka Uvira, wakapita hapa kambini, kisha wakaenda Kampala wakapanga muzigo wa chumba kimoja Nsambya. Walipendezwa kwa sababu ni karibu na mjini, baba anafika kazini kwa miguu.

Mchana hakukuwa na shida. Shida ilianza giza likiingia. Kitanda cha wazazi kilikuwa nyuma ya pazia na mdogo wa mwisho. Wengine wote walilala chini kwenye magodoro, miguu ikielekea mlangoni. Mvulana ndiye alilala mlangoni kabisa. Bibi ana sukari, anaamka mara tatu usiku kwenda haja, na kila akiamka lazima mvulana aamke, akunje godoro, afungue. Asubuhi mvulana anasinzia darasani. Walimu walifikiri ni mvivu.

Binti naye alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri ili avae kabla kaka yake hajafungua macho. Baadaye akaanza kwenda kuvaa kwa jirani. Kisha akaanza kufanya mazoezi ya shule kwa jirani. Mwishowe akaomba kulala huko huko. Mama alituambia kwamba jirani hakuwa mtu mbaya, lakini yeye kama mama hakuwa anaona tena mtoto wake anaishi vipi. Kwa ulinganifu wa pesa, chumba kilikuwa rahisi. Lakini kilikuwa kinamtoa binti nyumbani kidogo kidogo.

Walikaa wakaongea, baba, mama na bibi. Wakaamua kuhama kwenda Masajja, mbali kidogo na mji, ambako dabo ilipatikana kwa pesa iliyozidi kidogo tu ile ya chumba cha Nsambya. Baba sasa anatembea mwendo mrefu zaidi asubuhi na jioni. Hiyo ndiyo gharama waliyoikubali, na waliikubali wakijua.

Angalieni walivyopanga. Chumba cha ndani wanalala wazazi na wadogo wawili. Chumba cha mbele wamefunga waya toka ukuta hadi ukuta, wametundika pazia zito. Upande mmoja bibi na binti kwenye kitanda, bibi akiwa upande wa nje. Upande wa pili mvulana na godoro lake, mbali na mlango. Bibi ndiye karibu na mlango, maana yeye ndiye anayetoka usiku. Asubuhi wazazi wanatoka mapema na wadogo wanaamshwa. Hapo chumba cha ndani kinakuwa cha binti, anafunga komeo, anavaa kwa amani. Jioni, saa moja mpaka saa tatu, meza ya baba ya kushonea ni ya watoto kusomea, na hakuna anayewasha redio.

Tuliona jambo kubwa hapo. Hawakupata nyumba kubwa. Walichofanya ni kugawa nafasi, na kugawa saa pia. Mahali pamoja panaweza kuwa pa mtu huyu asubuhi na pa mtu yule usiku, mradi mmekubaliana na kila mtu anaheshimu.

MOTO UKO WAPI?

Swali la pili baada ya nani analala wapi ni hili: tutapika wapi? Kampala wengi wanapikia sigiri ya makaa, ile wengine wetu tunaita babula, barazani mbele ya mlango. Mvua ikinyesha mtu anaingiza sigiri ndani. Usiku baridi ikiwa kali mtu anaacha makaa yawake chumbani ili watoto wapate joto.

Hapa tunaomba msome polepole. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa ya sumu ambayo haina harufu wala rangi. Mtu anaanza kuumwa kichwa na kizunguzungu, anafikiri ni uchovu, analala, na haamki. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dirisha moja lililofungwa hakihitaji makaa mengi. Sigiri isilale ndani, hata kama inaonekana imezimika. Watoto wakihisi baridi, waongeze nguo.

Kwa hiyo ukienda kuona nyumba, angalia baraza. Bati limetoka mbele kiasi gani? Mtu anaweza kupika mvua ikinyesha bila kuingia ndani? Baraza la futi tatu lenye bati refu linaweza kuwa na faida kuliko chumba chenye rangi nzuri.

Angalia juu pia. Katika mizigo mingi ukuta kati ya chumba na chumba haufiki kwenye bati. Moshi wa jirani unakuja kwako, na maneno yenu yanakwenda kwake. Mkikosana, safu nzima imesikia. Na moto ukiwaka chumba kimoja unapita juu kwenda vingine. Mshumaa au tadooba isikae karibu na pazia la kugawia chumba, hata kidogo.

MAJI YANATOKA WAPI, YANAKWENDA WAPI?

Kampala ni mji wa vilima na mabonde. Mabondeni kodi ni rahisi, na sababu iko wazi: mvua ikinyesha maji yote ya vilima yanashuka huko. Bwaise, Kalerwe na Nateete ni majina ambayo kila mtu wa Kampala anayahusisha na mafuriko. Mvua kubwa ni Machi mpaka Mei, na tena kuanzia Septemba mpaka Novemba au Desemba. Mtu akipanga chumba bondeni mwezi wa Julai, anaona vumbi tu, anafurahi.

Familia yetu ya Masajja ilikuwa karibu kuchukua dabo nyingine ya bei ya chini zaidi. Jirani wa pale aliwaonyesha alama ya udongo ukutani, juu kidogo ya goti la mtu mzima. Ni maji ya msimu uliopita. Wakashukuru, wakaondoka. Nanyi mtafute alama hiyo. Angalieni kama vizingiti vya milango vimejengwa juu, maana watu hawajengi kizingiti kirefu bila sababu. Muulizeni mama anayefua nje, msimuulize broka. Tena mahali ambapo maji yanafurika, choo cha shimo nacho kinafurika, na magonjwa yanaingia na maji hayo hayo mpaka kwenye godoro.

Aliye juu kilimani naye ana shida yake. Bidoni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Hesabu ni bidoni ngapi kwa siku, na ni nani atakayezibeba. Mara nyingi jibu ni binti yule yule ambaye tunataka asome.

NYUMBA IMFUATE ALIYE DHAIFU

Familia nyingi zinachagua nyumba kwa kumwangalia mwenye kazi. Ni sawa, pesa ndiyo inalipa kodi. Lakini sisi tunasema angalieni kwanza yule ambaye nyumba inaweza kumfunga. Kuna mzee anayekwenda chooni usiku? Choo kiko hatua ngapi, na njia ina mwanga? Kuna mtoto mlemavu? Ngazi tatu za udongo kwako si kitu, kwake ni ukuta. Kuna mama aliye peke yake na watoto? Atafute safu yenye watu wanaojuana na mlango wenye komeo la ndani, hata kama chumba ni kidogo.

Mwenye kazi ya mikono nyumbani naye ahesabiwe. Anayeshona anataka mwanga, basi mashine ikae dirishani. Anayeuza vitenge anataka mahali pakavu pa kuweka mzigo wake. Anayepika maandazi anataka baraza na ruhusa ya mwenye nyumba. Ulizeni kabla, maana wengine hawaruhusu.

Mkikodi nyumba moja familia mbili, kaeni chini kabla ya kuhamia. Nani anapika saa ngapi, nani analipia yaka ya umeme na kwa kiasi gani, nani anafagia choo, mgeni akija analala wapi. Tumeona marafiki wa miaka mingi, waliokimbia vita pamoja, wameachana kwa sababu ya bidoni moja ya maji.

PESA NA KARATASI

Hapa tutasema machache. Wenye nyumba wengi wanataka miezi kadhaa mbele, kwa hiyo usiende na pesa ya mwezi mmoja tu. Lipa kwa mwenye nyumba mwenyewe au mtu wake anayejulikana, na chukua risiti kila mara. Nenda ukajitambulishe kwa mwenyekiti wa LC1 ukiwa na karatasi zako. Akikujua, siku ya shida una mtu wa kumwita. Na ujue kwamba sheria ya Uganda ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 hairuhusu mpangaji kutupwa nje bila amri ya mahakama. Sheria haikuondolei deni, lakini inakupa nafasi ya kuongea.

JARIBUNI HAPA HAPA KWANZA

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo tungependa kila familia ilifanye kabla ya kukata tiketi ya basi. Haligharimu kitu.

Jioni moja chukueni jivu au kijiti, mchore uani chumba cha hatua nne kwa nne za mtu mzima. Hiyo ni karibu mita 3 kwa 3. Wekeni alama ya mlango na ya dirisha. Kisha leteni mikeka na magodoro yenu yote, mwalale humo familia nzima, bila mguu kuvuka mstari. Wekeni na bidoni, sufuria, na mifuko ya nguo. Halafu mjiulize:

1. Nani analala karibu na nani, na nani hapaswi kulala karibu na nani?

2. Nani anatoka usiku, na atamkanyaga nani?

3. Binti anavaa wapi? Mvulana anayekua anavaa wapi?

4. Moto unakaa wapi siku ya mvua?

5. Mtoto anasomea wapi, na saa ngapi?

6. Chandarua kitafungwa wapi? Kimoja ni cha watu wawili, basi mnahitaji vingapi?

7. Mgeni akija kutoka kambini, maana atakuja tu, analala wapi?

Watoto watacheka, na waacheni wacheke. Lakini wasikilizeni pia. Mara nyingi binti atasema kitu siku hiyo ambacho asingekisema kwa mdomo wake siku nyingine.

Baada ya hapo familia nyingine zitasema: tunahitaji dabo, basi tungoje miezi minne tuongeze pesa. Nyingine zitasema: kaka mkubwa apange na vijana wenzake karibu na sisi, awe anakuja kula nyumbani. Nyingine zitaona heri mmoja atangulie, wengine wabaki hapa mpaka mambo yakae sawa. Na nyingine zitaamua kubaki. Hakuna aibu katika jibu lolote kati ya hayo. Aibu ni kuhesabu kodi, kuhesabu nauli, kuhesabu vyombo, halafu kusahau kuhesabu watu na usiku wao.

Tuliwaacha wale ndugu zetu wa Masajja jioni, mvua ikianza. Mama alikuwa anapika barazani chini ya bati refu, wadogo wamekaa kizingitini, na binti alikuwa mezani na daftari lake. Yuko nyumbani.